Jinsi ya kuifuata risasi, kutoka ganda mpaka kitabu cha mauzo

Mtu akipigwa risasi swali la kwanza mtaani ni bunduki ya nani. Sawa, bunduki ina namba na namba ina mwenyewe, ila mara nyingi bunduki ishaondoka na aliyeishika, kilichobaki chini ni maganda matatu manne kwenye vumbi. Na risasi moja moja haina namba yake peke yake, basi watu wanaona hapo njia imekatika. Haijakatika. Mi nilishika stoo ya duka la dawa miaka kadhaa, kidonge nacho hakina namba, ila boksi lina namba ya bachi, na kama uliandika bachi ipi kaichukua nani basi siku wakikwambia ile bachi ni mbovu unajua pa kupiga simu kabla chai haijapoa. Risasi inafuatwa hivohivo. Namba ya boksi wanaiita loti, na kazi yote ni kuifunga ile loti na jina la mtu, kwa maandishi, siku ileile ya mauzo.

Anza na kitako cha ganda. Ganda lenyewe usiliokote, ni la wapelelezi, linaweza kuwa na alama za vidole na lina alama za bunduki, we kama ni mwandishi wa habari au mtafiti piga picha ya karibu tu ukiruhusiwa. Pale chini kwenye duara utaona herufi na tarakimu. Risasi za kijeshi mara nyingi zina alama ya kiwanda na mwaka, zile za AK za Mchina kwa mfano zina namba ya kiwanda upande mmoja na tarakimu za mwaka upande wa pili, ukikuta 61 na 92 unasoma kiwanda namba 61, mwaka 1992. Za kiwanda cha Kenya kule Eldoret zimegongwa KOFC. Zinazosumbua ni za kiraia, nyingi zinakuonyesha jina la kampuni na saizi basi, mwaka hamna, loti hamna, hapo bila boksi au kitabu cha duka hufiki mbali.

Katikati ya kitako kuna kale kaduara kanakogongwa na pini, na kila bunduki inagonga kwa namna yake. Marekani maganda yanapigwa picha na kuingizwa kwenye mtandao unaitwa NIBIN, unasimamiwa na ATF (idara ya serikali kuu yao inayoshughulika na silaha), kompyuta inasema hili la leo linafanana na lile la mtaa mwingine mwezi uliopita, afu mtaalamu anahakikisha kwa darubini. Nzuri sana, ila inakwambia bunduki ni ileile, haikwambii risasi kanunua nani. Hizo ni kazi mbili tofauti na watu wanazichanganya kila siku.

Ukishajua kiwanda na loti, uliza kiwanda kilimuuzia nani ile loti. Hapa Brazil ndo walimu, kwa mazuri na kwa mabaya. Sheria yao ya silaha ya 2003 ilitaka boksi liwe na alama ya kusomwa na mashine inayoonyesha mtengenezaji na mnunuzi, na risasi za polisi na jeshi zigongwe loti kwenye ganda lenyewe. Agosti 2011 jaji Patrícia Acioli akauawa nje ya nyumba yake Niterói, karibu na Rio, risasi 21. Maganda yakasomwa, loti ikaonyesha ni mali ya polisi wa kijeshi wa jimbo (hao ndo polisi wa doria wa kawaida kule, jina lisikuchanganye), na risasi za loti hiyo zilikuwa zimepelekwa pia kikosi cha São Gonçalo, kikosi ambacho askari wake yule mama alikuwa anawashughulikia mahakamani. Haikuwa ushahidi pekee lakini ilionyesha mlango wa kugonga, na mwisho askari 11 wakatiwa hatiani, kamanda wa kikosi akiwemo.

Sasa angalia upande wa pili. 14 Machi 2018, diwani wa Rio Marielle Franco na dereva wake Anderson Gomes wanauawa kwenye gari. Maganda yanasomeka UZZ18, loti ya milimita 9 waliyouziwa Polisi ya Federali mwaka 2006. Kila mtu akadhani kesi imeisha. Kumbe loti ileile ilishaonekana kwenye mauaji ya Osasco na Barueri mwaka 2015, mkoa mwingine kabisa, na ilikuwa na risasi zaidi ya milioni moja wakati kanuni yao ilikuwa loti isizidi 10,000. Milioni moja zilizosambaa nchi nzima ile, unamuuliza nani? Aliyepiga na aliyemwendeshea gari walikuja kupatikana kwa njia nyingine na wakahukumiwa 2024, polisi wa zamani wawili. Kwahiyo kama unaandika kanuni, unashauri wizara au unabishana bungeni, cha kwanza kung'ang'ania ni ukubwa wa loti, maana loti kubwa ni sawa na kuandika "aliyeua ni mtu mwenye shati".

Tuje dukani. Kitabu cha mauzo kiwe na tarehe na saa, jina la mnunuzi, namba ya kitambulisho, namba ya leseni na aina ya bunduki iliyoandikwa kwenye hiyo leseni, halafu kampuni, saizi, idadi, na LOTI kutoka kwenye boksi, isomwe kwenye boksi lenyewe lililoko mkononi, sio kukopiwa kwenye ankara ya mzigo, kwasababu mzigo mmoja unaweza kuja na loti tatu. Dole gumba ukiweza. Jina la aliyeuza pia, hilo wengi wanaliruka na ndo linasaidia sana siku ambayo kitabu kimechezewa. Usiuze nje ya boksi, yani ile ya kumhesabia mtu risasi ishirini kwenye mfuko, ukifanya hivo tu loti imekufa. Kama sheria inaruhusu kuuza pungufu basi mwandikie loti kwenye risiti na kwenye kitabu. Saizi ya risasi isipofanana na bunduki ya kwenye leseni, simama hapo hapo, mtu mwenye shotigani anataka za bastola za nini?

Kenya cheti cha silaha kinataja na idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuwa nazo. Hiyo ni zana kubwa kuliko watu wanavodhani lakini inafanya kazi tu kama maduka yanaonana, la sivyo mtu anamaliza kiwango chake duka hili anaenda kukianza upya duka la jirani.

Mwisho wa mwezi piga hesabu ya stoo, zilizokuwepo jumlisha zilizoingia toa zilizouzwa, ikipungua hata boksi moja andika siku hiyohiyo na utoe taarifa. Najua inachosha, stoo yoyote inachosha.

Hapa sasa ndo pana uchawi wenyewe: kitabu lazima kisomwe. Marekani sheria ya 1968 iliwataka wauzaji waandike mauzo ya risasi nchi nzima, vitabu vikajaa, na 1986 vikafutwa, hoja ikiwa kwamba havisaidii upelelezi kiasi cha kutosha. Vingesaidiaje wakati vimekaa shelfu za maduka maelfu na hakuna anayevifungua? Los Angeles wakaja na kanuni yao ya mji mwaka 1998, jina, kitambulisho na dole gumba. Watafiti wakachukua mauzo ya Aprili na Mei 2004 wakayalinganisha na rekodi za uhalifu, wakakuta kama asilimia 2.6 ya wanunuzi ni watu ambao kisheria hawatakiwi kushika risasi kabisa, na kwa ile miezi miwili walikuwa wamenunua risasi 10,050. Walitoa majina yao halali, wakabonyeza na dole! Wala hukuhitaji mtu auawe kwanza, mtu aliyefungwa kwa kosa kubwa akinunua risasi ina maana kuna bunduki mahali, na hiyo inatosha kumpelekea hakimu ombi la hati ya upekuzi. California baadaye wakaenda mbele, wananchi walipiga kura 2016 na kuanzia Julai 2019 mnunuzi anakaguliwa kabla hajapewa boksi, ingawa Januari 2024 jaji wa federali alisema inavunja Katiba na mabishano yakaendelea kwenye rufaa.

Ila usiishie dukani. Acioli, Marielle, zote mbili loti zilirudi kwa serikali, na huku kwetu ni hivohivo. Small Arms Survey ya Geneva, taasisi ya watafiti wa silaha ndogo, ilitoa utafiti 2008 kuhusu Turkana Kaskazini, wakakusanya risasi na kusoma vitako, wakahitimisha kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa zinazunguka kule kinyume cha sheria zilitoka kwa polisi wa Kenya, na KOFC zilikuwa zimejaa. Hakuna duka lolote hapo. Kwahiyo kitabu cha ghala la polisi kinahitaji mistari ileile, loti, idadi iliyotoka, kapewa nani, zimerudi ngapi, zilizopigwa zimepigwa wapi na maganda yako wapi. Ukiwa mwandishi na umekuta alama ya serikali kwenye eneo la tukio, omba kitabu hicho kwanza kabla hujaanza kuzunguka Kariakoo au Luthuli kuuliza maduka. Na usitegemee sana nje ya nchi, makubaliano ya UN ya 2005 ya kufuatilia silaha ndogo yaliziacha risasi nje kabisa.

Ukifika kwa jina la mnunuzi punguza spidi. Aliyenunua sio lazima ndo aliyepiga, huenda kaibiwa, kampa shemeji, au kazimaliza zote kwenye uwanja wa shabaha. Muulize boksi la mwezi wa tatu liko wapi na zimebaki ngapi, umsikilize, jina lake usilipeleke gazetini wala kwenye grupu la WhatsApp.

Kitabu kikijaa kiwekwe nakala nje ya duka, na kisichomwe moto mapema. UZZ18 iliuzwa 2006 ikaua 2018, kwahiyo anayekwambia kumbukumbu zitunzwe miaka mitano tu, muulize ile saba iliyobaki tungeitafuta wapi.