Somo: Kuchagua gari la viti viwili la paa la kukunja kwa bei nafuu, kwa tunaoishi Mtwara na Lindi

Kila malipo ya korosho yanapoanza kuingia, huulizwa swali lile lile na watu wa Mtwara Mjini, Masasi na Lindi: mtu ambaye tayari ana gari la kazi, na sasa anatamani gari dogo la kujifurahisha lenye viti viwili na paa la kukunja, aanzie wapi ili asitupe fedha zake? Nimeishi na gari la aina hiyo hapa Mtwara kwa miaka sita na nimekagua mengine kwa niaba ya ndugu na majirani, kwa hiyo ninayoyaandika nimeyashika kwa mikono. Naomba jambo moja litangulie: gari hili linunuliwe kwa bodi kwanza, injini ifuate. Injini ya Mazda au Toyota fundi ataifungua na spea zitaagizwa Dar es Salaam, lakini bodi iliyoliwa na kutu kwa ndani haina tiba ya bei nafuu, kwa sababu gari lisilo na paa la chuma hubebwa na sakafu yake pamoja na boriti za pembeni zinazopita chini ya milango.

Hatua ya kwanza: fahamu majina na namba za chasisi

Wengi wetu tutaishia kwenye Mazda MX-5, na sioni ubaya wake. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Chicago mwezi Februari 1989, na mwaka 2016 kiwanda kilitimiza gari la milioni moja. Kwa kuwa magari yetu mengi hutoka Japani, usilitafute kwa jina hilo peke yake: kizazi cha kwanza kiliuzwa kule kama Eunos Roadster, na vilivyofuata kama Mazda Roadster. Namba ya chasisi ndiyo inayosema kweli. NA6CE ni kizazi cha kwanza chenye injini ya lita 1.6 na taa za kuinuka, NA8C ni hicho hicho chenye lita 1.8, NB8C ni kizazi cha pili cha kuanzia 1998 chenye taa za kawaida, na NCEC ni kizazi cha tatu cha kuanzia 2005 chenye lita 2.0. Andika namba hiyo kwenye daftari lako, kwa sababu muuza spea ataiuliza kabla ya kukuuliza jina lako.

Chaguo la pili ni Toyota MR-S, chasisi ZZW30, lililotengenezwa kati ya 1999 na 2007, ambalo injini yake imekaa nyuma ya viti. Faida yake kwetu ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwani injini hiyo ni 1ZZ-FE ya lita 1.8, ile ile iliyomo katika Allion, Premio na Caldina nyingi zinazopita mbele ya nyumba yako kila siku, hivyo fundi wako hatakuwa anajifunza kwako. Ubaya wake ni kwamba injini za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili, na hakuna buti la maana. Daihatsu Copen ya sentimita za ujazo 659 ni nzuri kwa safari za mjini. MGF ya Uingereza siipendekezi kwa joto letu, kwa kuwa injini yake inajulikana kwa kuunguza gasketi ya silinda hedi.

Hatua ya pili: piga hesabu ya kodi kabla ya kupenda rangi

Bei ya kwenye picha ni mwanzo tu. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, kuna VAT ya asilimia 18, kuna ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini, na magari haya, ambayo karibu yote yamevuka miaka 10, hutozwa pia ushuru wa uchakavu. Ingiza gari husika katika kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma hata senti moja.

Hatua ya tatu: maji

Hapa naomba utulie nami. Gari langu la kwanza lilikuwa NA6CE jekundu, linang'aa, injini inaunguruma vizuri, na aliyeniuzia aliapa kwamba halijawahi kunyeshewa. Mvua za Desemba zilipoanza, nilikuwa nakata kona kuingia Mikindani nikasikia maji yakichezacheza chini ya mlango wa kushoto, mithili ya dumu lililojaa nusu. Tulipoligusa kwa bisibisi gereji, ncha ilizama kwenye chuma kama inavyozama kwenye muhogo uliochemka, kisha maji ya kahawia yakatiririka sakafuni kwa muda mrefu. Juu yake kulikuwa na puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, na rangi mpya.

Chanzo chake ni kidogo mno. Maji yanayoteremka kwenye paa la turubai hukusanywa na mfereji wa mpira, yakaingia kwenye matundu mawili yaliyo nyuma ya viti, moja kila upande, na kutokea chini ya gari mbele ya matairi ya nyuma. Majani ya mwembe na vumbi vikiziba matundu hayo, maji huhamia ndani ya boriti. Kwetu sisi, ambao upepo wa chumvi kutoka baharini hutufikia Shangani hata usiku, kutu haihitaji kualikwa mara mbili.

Kwa hiyo nenda na chupa ya maji ya nusu lita. Mimina polepole kwenye kila tundu, halafu piga magoti uangalie: maji yote yatoke chini, safi, bila kuchelewa. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa kwenye boriti, hasa mbele ya tairi la nyuma, kwani pale penye puti nene sumaku haishiki. Ingiza mkono chini ya kapeti nyuma ya viti, kisha unuse vidole. Mwisho, nyanyua upande mmoja kwa jeki mahali palipowekwa kwa ajili yake, ufungue na kufunga mlango. Mlango ukianza kugoma au mwanya wake ukibadilika, bodi imechoka. Shukuru na uondoke.

Hatua ya nne: paa lenyewe

Kizazi cha kwanza cha Mazda kina dirisha la nyuma la plastiki, ambalo lazima lifunguliwe zipu kabla ya paa kukunjwa, la sivyo hupasuka, na jua letu huligeuza njano. Kizazi cha pili kililetwa na kioo, nami kwa hilo peke yake ningekichagua. Kunja na kunjua paa mara tatu mbele ya muuzaji.

Hatua ya tano: injini na gia

Liwashwe likiwa baridi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Katika MR-S chomoa kijiti cha oili mwenyewe uone kama oili imepungua. Kwa NA na NB uliza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini, maana unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, ilhali NC hutumia cheni. Kanyaga klachi mara kadhaa, kisha chungulia kama kuna mafuta yanayovuja karibu na gia boksi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Lindi: Shikamoo mwalimu. Gari hili litavuka matuta yetu kweli?

Marahaba. Likiwa na springi za kiwandani, uvungu wake uko takriban sentimita 13 au 14 kutoka ardhini, basi tuta la lami utalivuka ukienda taratibu na kwa mshazari kidogo. Lililoshushwa springi usilinunue. Barabara za vumbi uziachie gari lako la kazi.

Mwanachama wa Masasi: Kaka, naweza kuweka betri ya kawaida?

Katika NA na NB betri imo ndani ya buti, na ile ya asili imezibwa, ina mrija wa kutolea gesi nje. Ya kawaida itaachia gesi ndani ya buti na mvuke wa asidi utaanza kula chuma kilicho chini yake. Tafuta yenye mrija.

Mwanachama wa Mtwara Mjini: MR-S yenye gia zisizo na klachi mguuni je?

Mfumo ule huendeshwa kwa pampu ya mafuta na kompyuta, na sijaona hapa kwetu anayeutengeneza. Chukua gia za mkono.

Mwanachama wa Kilwa: Nikilinunua Dar es Salaam, nilishushe lini?

Kati ya Juni na Oktoba, mvua zikiwa zimepita. Mwezi Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ilikatika eneo la Somanga, na hata malori yalikwama. Ukifika, ndugu yangu, osha uvungu kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, kisha mimina tena ile nusu lita kwenye matundu.