Mninga ukinuka moshi kwenye CNC, usipunguze mwendo

Ukitoka kuchonga paina ya Mufindi kwenye CNC, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ukaweka mninga kwa mipangilio ileile, biti (kisu kinachozunguka) inaweza kuungua. Wengi hapo hupunguza mwendo wa kusonga mbele, na ndipo wanapoharibu: jino linasugua badala ya kukata, joto linapanda, makali yanakufa.

Piga hesabu hivi: mizunguko kwa dakika mara idadi ya meno mara unene wa kipande kinachokatwa na kila jino. Biti ya milimita 6 yenye meno mawili, mizunguko 12,000, unene milimita 0.1, inakupa mwendo wa milimita 2,400 kwa dakika. Kina anzia milimita 3, nusu ya kipenyo. Mashine ikitetemeka (hizi ndogo zinazoendeshwa kwa mkanda hutetemeka sana), shusha kina hadi 2 kabla ya kugusa mwendo.

Kisha angalia kinachodondoka. Vipande vinavyoshikika kwa vidole, endelea. Unga kama sembe, punguza mizunguko. Biti iingie kwa mteremko, isidumbukizwe wima; na bakiza milimita 0.5 kwenye kuta za mchongo kwa mkato wa mwisho. Barakoa pia, vumbi la mninga linawasha pua.