Kabla ya kupanda basi la kundi kuzunguka miji ya Andalusia

Ziara nyingi za basi za kundi nchini Hispania zina njia inayofanana: unashukia Madrid, unapita Toledo, kisha Córdoba, Sevilla na Granada. Kwa sisi Waislamu wa pwani safari hii ina uzito wake, maana huko wenzetu walitawala mamia ya miaka na majengo yao bado yamesimama. Mimi nilikwenda na mama yangu, mtu mzima wa miaka 68, na fedha tulizidunduliza miaka mitatu. Haya ninayoyaandika yafanye kabla hujalipa. Usiseme utayaona hukohuko.

Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, Hispania ikiwemo, iombe mapema. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na mwisho wake ni siku 15, lakini wewe usingoje siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya matibabu iwe ya euro 30,000 kwenda juu. Kisha soma ratiba neno kwa neno. Kama kuna siku ya kuvuka kwa boti kwenda Tangier, Moroko, hakikisha viza yako si ya kuingia mara moja tu. Ukishatoka na viza ya mara moja, Hispania hurudi.

Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Jina ambalo mtaa mzima unamwitia mama yako si lazima liwe ndilo lililomo humo.

Muulize wakala mwongozaji anazungumza lugha gani. Makundi mengine huelezwa kwa Kihispania kwanza, halafu Kiingereza kwa kifupi, na mzee asiyejua hata kimoja atazunguka siku nane akitazama mdomo wa mtu. Kaa karibu naye umtafsirie.

Saa nazo ziangalie. Ratiba ikisema 8:30, hiyo ni saa mbili na nusu asubuhi. Waandikie wazee wako kwa saa zetu, kwenye karatasi, kila usiku. Basi halisubiri, na si kwa sababu dereva ana roho mbaya. Sheria ya Ulaya inamtaka dereva apumzike dakika 45 kila anapotimiza saa nne na nusu za kuendesha, na kuna kifaa ndani ya gari kinachorekodi yote. Isitoshe, mitaa ya kale ni myembamba, basi haliingii. Linakushusha pembeni, linakwenda kuegeshwa mbali, na linarudi kwa saa mliyopatana. Toledo iko juu ya kilima. Kuna ngazi za umeme za kukupandisha, lakini ukifika juu ni mawe na miinuko. Viatu viwe vilivyokwishazoea miguu yako.

Chakula: nguruwe yumo hata usipomtarajia. Jifunze maneno matatu: jamón (paja lake lililokaushwa), cerdo (nguruwe mwenyewe), manteca. Hilo la tatu ni mafuta yake, na humo ndimo zinamokandwa biskuti za mantecados utakazokaribishwa madukani kwa tabasamu. Chakula cha usiku huko huliwa saa tatu na zaidi, kwa hiyo mwenye sukari abebe cha kutafuna.

Msikiti wa Córdoba ulianza kujengwa miaka ya 780, na ukiingia unakutana na nguzo zaidi ya 850 na matao ya rangi nyekundu na nyeupe. Lakini tangu 1236 ni kanisa kuu, na Muislamu haruhusiwi kuswali humo. Mwambie mzee wako mapema, mkiwa nyumbani, aende akijua. Mama alisimama mbele ya mihrabu mikono imeshikana, midomo ikicheza polepole, akavuta pumzi akatoka. Hakuna aliyemsumbua.

Sasa hili la Granada, ndilo hasa lililonifanya niandike.

Tiketi ya Alhambra, ngome yenye kasri za watawala Waislamu wa Granada, ina jina la mtu, na mlangoni wanataka kuona pasipoti yenyewe. Tena, kuingia Kasri za Banu Nasr, ukoo wa mwisho wa Kiislamu kutawala huko, ambako ndiko kwenye kiini cha yote, unapewa nusu saa yako. Ikipita, imepita. Huwezi kununua nyingine palepale, kwa sababu nafasi za siku zina kikomo na kwa kawaida huisha mapema.

Usiku wa mwisho Sevilla, kiongozi wa msafara alituonya kuhusu wezi wa mifukoni, akatushauri pasipoti tusizunguke nazo. Ushauri mzuri kwa Sevilla. Nikaitia ya mama ndani kabisa ya sanduku lake, chini ya nguo. Yangu ilibaki kwenye mkoba kwa sababu mchana nilikuwa nimebadilisha fedha. Saa moja asubuhi masanduku yakaingizwa kwenye buti la basi, tukaanza safari ya kilomita kama 250 kwenda Granada. Hakuna aliyetukumbusha. Saa nne na robo tukashushwa karibu na lango, basi likaondoka. Nusu saa yetu ilikuwa inaanza saa tano.

Mlinzi alimwomba mama pasipoti. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akatikisa kichwa, kwa adabu, akanionyesha pa kusimama ili tusizuie foleni. Mwongozaji akampigia dereva. Dereva alikuwa mbali na kurudi kungechukua muda. Saa ya kwenye simu yangu ilisoma saa tano kasoro dakika kumi.

Mama akakaa kwenye ukingo wa jiwe, akauweka mtandio wake sawa. "Nenda wewe, mwanangu, ukanitazamie."

Nilikataa. Akasema tena, safari hii kwa sauti ile ya mama ambayo haijibiwi. Nikaenda.

Kuta za kule ndani zimeandikwa kutoka kiunoni hadi darini, na neno moja linarudiwa kila upande: *wa la ghaliba illa Allah*, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Mimi Kiarabu nasoma kwa kubabaisha. Mama ndiye aliyesoma chuoni tangu utotoni, ndiye ambaye angesimama hapo akasoma ukuta mzima bila kuuliza mtu. Nilipiga picha mpaka mikono ikatetemeka. Nilipotoka nilimkuta palepale, na tukaanza kuzitazama moja moja, yeye akisoma kwa kidole juu ya kioo cha simu. Pasipoti ilifika saa sita. Bustani tuliziona pamoja. Kasri, hapana.

Kwa hiyo, kila asubuhi kabla masanduku hayajaingia kwenye buti, mguse mzee wako begani umuulize: pasipoti iko wapi? Akuonyeshe, usikubali kuambiwa. Nunua kifuko cha kuvaa shingoni chini ya nguo, hapo mwizi hafiki na mlinzi anaridhika. Na mwulize wakala, kwa maandishi, ni milango ipi inayotaka pasipoti na ni siku gani.

Kama ratiba inakupa jioni ya bure Granada, panda Albaicín, mtaa wa kale ulio kilimani. Uko msikiti uliofunguliwa 2003, na bustani yake inatazamana na Alhambra. Mama aliswali pale.

Mengine ni ya kawaida. Julai na Agosti, Córdoba na Sevilla joto hupita nyuzi 40, bora Aprili au Oktoba. Karibu na kanisa kuu la Granada kina mama watakusogezea tawi dogo la rozmari. Ukilipokea watakushika kiganja wakutabirie, kisha watadai fedha, basi mikono iwe nyuma. Mnara wa Giralda, wa kanisa kuu la Sevilla, hauna ngazi mpaka karibu na kileleni, ni njia ya mwinuko yenye mikunjo 35, na mzee anaweza akipumzika madirishani. Dawa zikae kwenye mkoba, kamwe si kwenye buti. Jina la hoteli liandikwe kwenye karatasi, maana chaji huisha. Kiti cha mbele usikigombanie. Na hesabuni watu wenu wenyewe kila mnapopanda, hata kama mwongozaji ameshahesabu.