Namna ya Kuchora Ukoo wa Mama Ili Kutambua Kasoro za Mitokondria

Kwenye kliniki yetu ya kisukari hapa Kigoma namuona mama wa miaka arobaini na kitu ambaye hasikii vizuri, naye keshaambiwa nyumbani kuwa ni uzee. Huenda si uzee. Mitokondria, zile sehemu za seli zinazogeuza chakula kuwa nguvu, zina vinasaba vyake zenyewe: jeni 37 tu, na tunazirithi kwa mama peke yake. Zikiwa na kasoro, viungo vinavyotumia nguvu nyingi huchoka mapema: ubongo, moyo, misuli, macho, masikio, figo, kongosho.

Hatua ya 1: Chora. Duara ni mwanamke, mraba ni mwanamume. Juu kabisa weka bibi mzaa mama, kisha watoto wake wote: mama yako, mama wakubwa, mama wadogo, wajomba. Mjomba anaweza kuugua ila harithishi, kwa hiyo wanawe waandike kwa ajili ya kulinganisha tu. Ndugu walioko Kasulu au Tabora wapigie simu, usikisie.

Hatua ya 2: Uliza umri. Bibi hatakumbuka mwaka alioanza kutosikia. Muulize, "Bibi, ulikuwa umeshamzaa nani?" Hapo atajibu bila kusita, nawe utahesabu. Kando ya kila alama andika: kusikia, sukari, kuona, moyo, kifafa, misuli, figo. Mwenye sukari, andika kama alikuwa mwembamba ilipoanza. Kisukari cha mitokondria mara nyingi huwapata wembamba.

Hatua ya 3: Soma mchoro. Sukari na uziwi vikiandamana kutoka kwa bibi kwenda kwa binti zake na wajukuu, huku watoto wa wajomba wakiwa wazima, shuku badiliko la vinasaba hivi liitwalo 3243 (namba ya mahali lilipo). Usitarajie wafanane. Seli moja ina mamia hadi maelfu ya nakala za vinasaba hivi, nzima na mbovu zikiwa zimechanganyika, na kila mtoto hupata mchanganyiko wake. Ndiyo maana dada mmoja anachoma insulini, wa pili ni masikio tu, wa tatu analima hana neno.

Hatua ya 4: Peleka mchoro kwa daktari kabla ya dawa. Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote. Mwenye 3243 madaktari wengi hawampi metformini, dawa ya vidonge ya kisukari, kwa kuhofia asidi ya laktiki kupanda mwilini. Lakini usiache dawa kwa uamuzi wako. Lipo pia badiliko la 1555: aliye nalo anaweza kuwa kiziwi wa kudumu kwa jentamaisini au streptomaisini, sindano za kuua bakteria, hata kwa dozi ya kawaida. Kama upande wa mama kuna aliyepoteza usikivu baada ya sindano hizo, sema kabla mtoto hajachomwa. Daktari atapima faida na hatari, maana kuna maambukizi ambayo jentamaisini ndiyo huokoa maisha.

Hatua ya 5: Omba rufaa ya kipimo cha vinasaba. Kwa 3243 mkojo ni bora kuliko damu, kwani kwenye damu nakala mbovu hupungua kadiri umri unavyosonga.

Kuhusu maisha marefu: vinasaba hivi hugawanywa kwa makundi ya koo za mama, na kundi J lilionekana zaidi kwa wanaume waliotimiza miaka 100 Italia ya kaskazini, lakini kwingine haikuwa hivyo. Afrika tuna makundi ya L, yenye matawi ya kale kuliko yote duniani. Kwa hiyo usinunue kipimo cha vinasaba cha kutabiri utaishi miaka mingapi. Mazoezi ya kutoa jasho huongeza mitokondria kwenye misuli, hata kwa mzee. Kama ukoo una dalili hizi, walio kwenye mstari wa mama wapimwe sukari na masikio kila mwaka.