Kagua kisu cha kukunja na tochi kabla hujalipa

Kisu cha kukunja usikinunue kikiwa ndani ya pakiti. Kifungue, shika ubapa upande usio na makali, utikise kushoto na kulia. Ukicheza kwenye pini, kirudishe. Kisha kata karatasi ya risiti: makali mazuri yanapita kimya, mabovu yanaichanachana. Mimi napenda Victorinox Classic, kisu kidogo cha kukunja cha Uswisi. Ikikunjwa ina urefu wa milimita 58 tu, inakaa na funguo bila kusumbua, ingawa kijiti chake cha meno hupotea upesi.

Tochi iwashe, uigongegonge kiganjani. Ikizimazima, achana nayo. Fungua kifuniko cha betri utafute kile kipete cha mpira. Muuzaji ataapa, “Hii haiingii maji, kaka.” Bila mpira, inaingia.

Ukisafiri kwa ndege, kisu kiende kwenye begi la kukabidhi, si la mkononi.