Seva Yangu ya Wete ni Laptopu Kuukuu

Kioo chake kimepasuka, kibodi imepoteza herufi mbili, nayo ndiyo inayotunza kumbukumbu zote za nyumba yetu. Umeme wa Pemba unatufikia kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na kukatika hukatika. Laptopu ina betri yake ndani: taa zikizima, feni likisimama, seva, yaani kompyuta inayohudumia simu na vifaa vingine vya nyumbani, haina habari.

Basi anza na betri. Chomoa chaja uone inadumu muda gani. Nusu saa inatosha. Ikiwa imevimba, isitumike hata siku moja, inaweza kuwaka moto. Ruta nayo itafutie betri yake ndogo, kwa volti zilizoandikwa chini ya ruta yenyewe.

Sakinisha Debian, mfumo endeshi wa bure wa Linux. Penye kuchagua programu, toa alama kwenye desktopu, bakisha SSH, njia ya kuiongoza mashine kutoka kompyuta nyingine. Kisha kwenye faili /etc/systemd/logind.conf andika HandleLidSwitch=ignore, uiwashe mashine upya; sasa unaweza kufunga kifuniko na mashine isilale. Kwenye ruta ipangie anwani isiyobadilika, na uiunge kwa waya.

Programu weka moja moja. Mimi nilianza na Kiwix, inayobeba Wikipedia ya Kiswahili katika faili moja, watoto wakasoma kwa simu bila bando. Ndipo nikaweka Jellyfin, programu ya kuchezesha video na sauti, inayofunguliwa kwa mlango 8096 (namba inayofuata anwani ya seva), kwa video za harusi na sauti za bibi akitutolea hadithi.

Adui mkubwa huku ni chumvi. Mwanzo niliiweka laptopu dirishani ipate upepo wa bahari. Haukupita mwaka, tundu la USB likagoma. Nilipomulika ndani kwa tochi nikaona unga wa kijani umeganda kwenye pini, kama ule wa sufuria ya shaba iliyosahauliwa uani. Niliusugua taratibu kwa mswaki na spiriti, pini moja ikakatika. Sasa imo chumba cha ndani, rafu ya juu, mbali na dirisha, na msimu wa karafuu mbali na vumbi la vikonyo. Usiifunike kitambaa, itapata joto.

Nakala za akiba zifanywe na rsync, programu ya kunakili faili, kila usiku saa nane. Cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo kwenye sehemu ya muda anza na 0 2, yaani dakika sifuri, saa ya pili. Chukua diski ya nje ya inchi 2.5, inayokula umeme wa USB, isiyohitaji chaja yake. Diski nyingine naiweka kwa dada yangu Chake Chake. Kila mwezi naibadilisha, naipeleka kwa gari ya abiria, nimeizungushia kanga.

Kabla ya kuifunga diski, fungua faili mbili tatu uhakikishe ni nzima. Mimi sikosi kuifungua sauti ya bibi: anakohoa kidogo, anauliza kama tumekaa sote, ndipo anasema, “Paukwa.”