Labrador wako anapukutika manyoya? Usimnyoe, fanya hivi

Jumamosi iliyopita jirani yangu hapa Nairobi alinipigia simu akiwa na wasiwasi. "Dada, Bruno anaisha! Nikimpapasa tu natoka na konzi nzima ya manyoya. Nimpeleke akanyolewe?" Nikamwomba mtu yeyote asimguse na mashine mpaka nifike. Bruno ni Labrador wa manjano, ana miaka minne, na hakuwa mgonjwa hata kidogo. Tulianza saa nne asubuhi, saa nane mchana akawa amelala kwenye kibaraza, mkavu, anang'aa. Haya ndiyo tuliyofanya.

Kwanza ujue kinachoendelea. Watu wengi huchukua Labrador wakidhani mbwa wa manyoya mafupi hachafui nyumba. Ukweli ni kwamba ana matabaka mawili: la juu ni manyoya yaliyonyooka, magumu kidogo, yenye mafuta ya asili, la chini ni laini na zito kama sufi. Mababu zake walikuwa mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, kisiwa cha Kanada, wakiingia kwenye maji baridi kila siku, kabla Waingereza hawajamlea na chama chao cha mbwa, Kennel Club, kumtambua rasmi mwaka 1903. Koti lile la baharini bado analo mpaka leo.

Kila unyoya hukua, hupumzika, halafu hung'oka. Kinachouamrisha mwili ubadilishe koti ni urefu wa mchana, kuliko hata joto na baridi. London mchana wa mwishoni mwa Desemba una urefu wa chini ya saa 8, ilhali wa Juni una zaidi ya saa 16, kwa hiyo mbwa wa huko hubadilisha koti kwa kishindo mara mbili kwa mwaka. Hapa Nairobi, tukiwa karibu kabisa na ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi haifiki dakika 10. Mwili wa mbwa haupati ishara ya wazi, basi anapukutika kidogo kidogo mwaka mzima. Ndiyo maana ratiba za Ulaya, zile za "mara mbili kwa mwaka", hazitufai. Kazi yetu ni ya kila wiki. Ukiona ghafla yameongezeka kwa jike, jiulize kama amezaa wiki chache zilizopita. Wengi hupukutika sana baada ya kunyonyesha.

Kuhusu kunyoa: nakataa. Manyoya hayo humkinga na jua, na yakinyolewa huweza kuota upya yakiwa na mabaka au yasifanane na ya zamani. Tena hayatakoma kudondoka. Yatadondoka yakiwa vipande vifupi vinavyochoma kama miiba kwenye makochi.

Hatua ya 1: Angalia ngozi

Fungua manyoya kwa vidole, nyuma ya masikio, kwapani, tumboni na kwenye shina la mkia. Mbwa anayepukutika kawaida ana ngozi safi, na manyoya yamepungua kila mahali kwa usawa. Acha kila kitu umwone daktari wa mifugo ukikuta mabaka yasiyo na manyoya kabisa, duara lenye magamba, ukoko, harufu mbaya, au mbwa anayejikuna mpaka damu. Huo unaweza kuwa upele, viroboto au mapunye, na mapunye yanaambukiza hata watoto wako. Mbwa anayenenepa bila kula zaidi, akawa mzito wa kuamka na mkia ukabaki uchi, apimwe tezi ya shingo.

Kupe ukiwaona, watoe na umpe dawa ya mbwa. Tafadhali usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe ukapima kwa macho. Najua inafanyika sana, na najua mbwa waliopoteza fahamu kwa sababu yake.

Hatua ya 2: Chana akiwa mkavu

Brashi ya mpira yenye meno manene, dakika 20. Zungusha kwanza, halafu vuta kufuata mlalo wa manyoya. Malizia na kitana cha chuma kwenye mapaja, shingoni na juu ya mkia, ambako sufi hujificha. Vile vifaa vyenye wembe mdogo vinavyouzwa ghali sivipendi: ukikandamiza kidogo tu vinakata tabaka la juu, na mwenye mbwa hufurahia rundo la manyoya bila kujua kwamba nusu yake ni mazima. Brashi ya mpira haijawahi kunidhuru mbwa.

Kuchana kunatangulia maji. Daima.

Hatua ya 3: Mwogeshe

Maji vuguvugu, shampuu ya mbwa, siyo sabuni ya kufulia wala ya vyombo. Ichanganye na maji kwenye jagi ili ifike kwenye ngozi, kwa sababu mafuta ya koti lake yanakataa maji na utadhani amelowa kumbe juu tu. Suuza mpaka maji yatoke safi bila povu, halafu suuza tena. Mara moja kwa mwezi inatosha.

Hatua ya 4: Mkaushe mpaka kwenye ngozi

Hapa naomba utulie usome, maana hatua hii ilinigharimu.

Mwaka wa kwanza wa Kahawa, Labrador wangu wa rangi ya chokoleti, nilimwogesha Jumamosi saa kumi jioni mwezi Julai. Mnaijua Julai ya Nairobi: mawingu, baridi, jua halionekani. Nilimfuta kwa taulo mbili, nikampapasa mgongoni, pakavu. Nikamruhusu alale. Jumatatu asubuhi nikamkuta anaramba shina la mkia bila kupumzika. Nilipofunua manyoya niliona kidonda chekundu, chenye majimaji, kikubwa kama kiganja changu, na Jumamosi hakikuwepo. Daktari alinyoa sehemu ile, akaisafisha, akampa dawa, na kwa siku kumi Kahawa alivaa kola ya plastiki akigonga kila mlango. Sufi ilikuwa imeshika maji chini ya tabaka kavu, ngozi ikalowa usiku kucha, akaanza kujiramba, bakteria wakapata nafasi.

Kwa hiyo mgongo mkavu hauthibitishi chochote. Ninavyofanya sasa ni hivi.

Nianze na saa. Naogesha asubuhi, kabla ya saa tano, na siku ya mvua naahirisha. Heri mbwa anuke wiki moja zaidi.

Taulo nyembamba za pamba, tatu au nne, na ninakandamiza bila kusugua. Kusugua kunafunga sufi mafundo.

Halafu blowa ya mbwa, ile inayopuliza kwa nguvu bila joto kali. Kama una uwezo wa kununua kifaa kimoja tu, nunua hicho, maana inafukuza maji na kung'oa sufi iliyokufa kwa pamoja. Kwa Bruno, manyoya yaliyoruka wakati huu yalikuwa mengi kuliko yote tuliyochana. Anza na mapaja ya nyuma, kwa kasi ndogo, umzoeshe sauti, na usielekeze usoni wala masikioni. Kikausha nywele cha nyumbani kinafaa kikiwekwa kwenye upepo baridi tu, nawe weka mkono wako kati yake na ngozi muda wote.

Kisha kipimo changu. Chukua tishu kavu, gawanya manyoya kwa kidole, ibonyeze kwenye ngozi na uhesabu mpaka tano. Ikitoka na doa la unyevu, endelea kukausha. Pima sehemu nne: shina la mkia, nyuma ya mapaja, kwapani na shingoni chini ya mkanda. Bruno alionekana mkavu saa sita. Tishu ya shingoni ilikataa mpaka saa saba na nusu. Mkanda usirudishwe kabla ya hapo.

Masikio yake yananing'inia na hayapati hewa, kwa hiyo futa sehemu ya ndani unayoiona kwa pamba kavu. Usiingize vijiti.

Hatua ya 5: Chakula

Mbwa wa ugali mtupu atakuwa na koti kavu hata umchane kila siku. Mchanganyie omena waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu. Wana protini na mafuta yanayosaidia ngozi. Mabadiliko huyaoni kesho. Mpe wiki sita hadi nane.

Hatua ya 6: Kila wiki

Brashi ya mpira Jumatano na Jumapili, dakika kumi, nje ya nyumba. Jirani ameshapiga simu tena jana jioni kuniambia Bruno akiiona ile brashi sasa hujilaza mwenyewe, tumbo juu.